Binti Aliyesema Ameshiba: Uchambuzi wa Kisa cha Kulazwa Bila Hiari Mombasa

Binti wa miaka 19 alifikishwa kasualti ya hospitali moja ya Mombasa saa tatu usiku, kaka yake amembeba mikononi kutoka kwenye tuktuk. Alianguka akitia udhu wa Isha. Uzito kilo 33, urefu mita 1.60. Moyo ulikuwa ukipiga mara 38 kwa dakika, presha 80 kwa 50, sukari ya damu imeshuka hadi 2.4, na joto la mwili nyuzi 35.1, katika msimu wa kaskazi ambapo kila mtu chumbani alikuwa akichuruzika jasho. Pamoja na hayo yote alikuwa akizungumza vizuri. Alimwamkia daktari, akajibu kila alichoulizwa, akasema ni uchovu tu wa joto, kisha akaomba arudishwe kwao Majengo. "Sina ndaa, daktari. Nimeshiba. Nataka kwenda zangu."

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Maradhi ya binti huyu ni anoreksia, maradhi ya akili yanayomfanya mtu ajinyime chakula mpaka maisha yake yawe hatarini. Kisa hiki nimekisuka kutokana na mambo tunayokutana nayo kazini, na umri, mtaa na uhusiano wa watu nimeubadilisha ili asitambulike yeyote. Nimekiandika kwa ajili ya swali moja: mtu mzima anayesema kwa ufasaha kwamba hataki kutibiwa, je, yafaa alazwe na alishwe bila hiari yake? Jibu langu ni ndiyo, kwa mgonjwa kama huyu na kwa usiku kama ule. Lakini ndiyo hiyo ina masharti mazito, na mengi kati yake tuliyavunja kabla hatujayajua.

Kilichotangulia

Kwao ni nyumba ya watu wengi: mama, halati, nyanya, kaka wawili, na ami anayekaa mlango wa pili. Baba yuko Ghuba kikazi na huonekana kwa simu. Binti alikuwa mwanafunzi wa chuo, mtulivu, mtoto ambaye majirani humtolea mfano. Baada ya Ramadhani ya mwaka juzi alifunga sita za Shawali, jambo ambalo wengi hufanya. Zikafuata Jumatatu na Alhamisi. Kisha akawa anafunga siku moja na kula siku moja. Nyumbani walifurahi, na nyanya akawa anawaambia wageni kwamba mjukuu wake ameongoka.

Ramadhani iliyofuata alifunga mwezi mzima bila kukosa siku. Hapo ndipo mama yake aliposhtuka. Mwanamke akiwa hedhini hafungi, na siku zile huzilipa baadaye. Binti hakuwa na hata siku moja ya kulipa. Mama alipiga hesabu kimoyomoyo, akakumbuka kwamba ni muda mrefu hajaona pedi zikinunuliwa. Akamuuliza, binti akasema mambo yako sawa, na mama akaona haya kuendelea. Dalili hii naiweka mbele kwa makusudi. Ilionekana miezi mingi kabla ya kuanguka, ikaonekana na mama asiye na taaluma yoyote ya tiba, na ilikuwa ndani ya mambo ambayo kila nyumba ya Kiislamu ya Pwani inayajua kwa moyo. Mwili unapokosa chakula cha kutosha huzima uzazi kwanza ili kuokoa moyo na ubongo. Laiti angekuwapo mtu wa kumwambia mama yule kwamba hofu yake ni ya kweli, tungekuwa tunazungumzia kliniki ya nje na si kasualti.

Wakati huohuo binti alikuwa ameliteka jiko. Alfajiri alitwanga iliki, akakanda unga wa mahamri, akakaanga, akawapakulia kaka zake mbaazi za nazi, kisha akasimama mlangoni akiwatazama wakila. Yeye akikaa kwenye sinia alimega hamri moja vipande vidogo kama punje za mahindi, akavisogeza huku na huku mpaka wenzake wanawe mikono. Simu yake ilijaa video za mapishi. Ami alilitoa hili kama ushahidi: anayependa kupika hivyo hawezi kuwa na maradhi ya chakula.

Ukweli ni kinyume chake, na ulikwisha kuonekana zamani. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, wazima wa mwili na akili, kwa wiki 24. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Vijana wale walianza kuota chakula usiku, kukusanya vitabu vya mapishi, kukata kata kilichomo sahanini na kukaa nacho muda mrefu. Wakawa wazito wa moyo, wenye kujitenga, wepesi wa hasira. Hakuna hata mmoja aliyeanza na ugonjwa wa akili. Njaa yenyewe ndiyo iliyowageuza fikra. Kwa hiyo binti wa kilo 33 anaposema ameshiba, sehemu ya maneno yale inasemwa na njaa. Nitalirudia hili tukifika kwenye sheria.

Kabla ya kuanguka alikwisha kupitia mikono mingi. Alipewa dawa za vidonda vya tumbo mara mbili. Alitibiwa taifodi. Alipimwa TB na HIV, akaonekana hana, lakini mtaani minong'ono haikungoja majibu. Nyumbani walimsomea, wakamwandikia kombe, aya za kuoshwa kwa maji na kunywewa, kwa zafarani kwenye sahani. Kombe alilinywa bila ubishi, kwa kuwa lilikuwa maji. Siyasemi haya kwa kubeza. Kisomo kilimtuliza mama aliyekuwa halali usiku, na ustadh mwenyewe ndiye mtu wa kwanza kusema maneno ya maana: dini imemsamehe mgonjwa kufunga, na yeye akaamrishwa aache. Binti alitii. Aliacha kufunga, lakini hakuanza kula. Sasa ikawa tumbo linajaa gesi. Kisha nazi inamletea kiungulia. Kisha mchele una uzito. Sababu zilibadilika kila mwezi, kitendo kikabaki kilekile. Kwangu mimi hiyo ndiyo alama inayotenganisha ibada na maradhi: mwenye kufunga kwa ajili ya Mola wake akiruhusiwa kula, anakula.

Wapo watakaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu, wa wasichana wanaotaka kufanana na picha za magazeti, na kwa kuwa binti huyu hakuwahi kusema anaogopa kunenepa, basi si huo. Madaktari wa Hong Kong waliandika tangu miaka ya 1990 kuhusu wagonjwa wa anoreksia ambao hawakutaja unene hata kidogo. Malalamiko yao yalikuwa tumbo kujaa. Ghana, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wasichana wa sekondari waliokonda kwa kujinyima walieleza kujinyima kwao kwa lugha ya dini na ya kuitawala nafsi, wala si kwa lugha ya umbo. Kila mahali maradhi haya huazima maneno yaliyo karibu. Pwani yetu ina maneno mengi ya heshima juu ya kuacha chakula, na maradhi yaliyaazima.

Nguvu isiyoandikwa

Wiki mbili kabla ya kuanguka, ami aliamua kwamba upole umetosha. Alimshika mikono kwa nyuma, halati akamziba pua ili afungue mdomo, na uji ukamiminwa. Alipaliwa, akakohoa mpaka akatapika, na tangu siku ile akawa anafunga mlango wa chumba chake kwa ufunguo. Halati alinisimulia haya akilia, na namwamini kwamba alifanya kwa mapenzi. Alikuwa anamwona mtoto wa dada yake anayeyuka mbele ya macho yake.

Nalitaja kwa sababu mjadala wa matibabu ya lazima huendeshwa kana kwamba nguvu huanzia hospitalini, pale daktari anapotia sahihi. Haianzii hapo. Inaanzia kwenye mkeka wa nyumbani, na pale haina fomu, haina muda wa mwisho, haina mtu wa kukata rufaa kwake, na hairekodiwi popote. Anayeogopa matibabu ya lazima kwa kuwa yanaingilia uhuru wa mtu, na mimi naogopa hivyo pia, ajue kwamba kumrudisha binti huyu nyumbani usiku ule kusingekuwa kumwachia uhuru wake. Kungekuwa kumrudisha kwa ami.

Sheria usiku ule

Daktari wa zamu alisita, na namwelewa. Mgonjwa alikuwa mtu mzima, kwa hiyo mama hakuweza kumtilia sahihi kama mtoto. Katiba ya 2010 inalinda heshima ya mtu na uhuru wa mwili wake, na katiba hiyohiyo, kifungu cha 43, inasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inataka ridhaa, ikiacha nafasi kwa dharura na kwa asiyeweza kutoa ridhaa. Kisha ipo Sheria ya Afya ya Akili ya 1989. Sheria ile ilipoandikwa ilimweleza mgonjwa asiye wa hiari kuwa ni mtu ambaye kwa wakati huo hawezi kueleza kama anataka au hataki matibabu. Ukiisoma unamwona mtu aliyechanganyikiwa, anayezungumza na ukuta. Binti huyu alieleza bila kukwama kwamba hataki. Marekebisho ya 2022 yaliingiza haki za mgonjwa kwa uwazi zaidi, haki ya kuelezwa, ya kuridhia, ya kusaidiwa kuamua, na hayo ni mambo mema. Lakini ile picha ya 1989 bado imo vichwani mwa watu wa wodi: anayejieleza vizuri ni mzima, mwache aende.

Hapo ndipo penye uzito wa kisa chote. Kusema kwa ufasaha si sawa na kuweza kuamua. Uwezo wa kuamua una sehemu zake: kuelewa unachoambiwa, kukikumbuka, kukipima kwa ajili yako mwenyewe, na kutoa jibu. Binti alifaulu katika tatu. Nilikaa kando ya kitanda nikamuuliza kwa taratibu, na mazungumzo yalikwenda hivi, kama ninavyoyakumbuka:

"Mwanangu, daktari amekwambia nini kuhusu moyo wako?"

"Amesema wenda pole sana, waweza kusimama."

"Wamsadiki?"

"Namsadiki. Yeye ni daktari."

"Basi usiku huu ukisimama?"

"Wangu hausimami, sista. Mimi nimezoea."

Alielewa kwamba moyo wa mtu wa namna ile unaweza kusimama. Hakuweza kuona kwamba mtu huyo ni yeye. Nilimuuliza kuhusu msichana mwingine, wa kubuni, mwenye vipimo vilevile, akajibu bila kufikiri mara mbili: alazwe. Daktari aliyaandika yale majibu neno kwa neno kwenye faili, na nafikiri lile lilikuwa jambo bora kuliko yote tuliyofanya usiku ule. "Mgonjwa amekataa" ni maneno mawili yasiyomsaidia mtu. Mgonjwa amekataa nini, kwa sababu gani, na anaamini nini kuhusu mwili wake mwenyewe: hayo ndiyo yanayompa hakimu au jamaa kitu cha kukagua baadaye.

Kaka yake, ambaye alikuwa amesoma, alileta hoja nzito. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, waligoma kula pale Uhuru Park, Nairobi. Je, nao walikuwa wagonjwa? Hakuna anayewaheshimu akina mama wale atakayesema hivyo. Na madaktari wenyewe, kupitia tamko la Malta la 1991, wamekubaliana kwamba mgomaji mwenye uwezo wa kuamua asilishwe kwa nguvu. Nilimjibu kwamba mgomo una dai. Akina mama wale walitaka watoto wao waachiliwe, na wangeachiliwa wangekula. Dada yako adai nini? Alikaa kimya, kisha akasema: "Adai aachwe tu." Ndiyo, na ukimwacha anazidi kukonda, hakuna siku dai lile litatimizwa akaketi kula.

Ami alipendekeza aitwe chifu ampeleke kwa nguvu za serikali. Sheria iliwahi kuwapa machifu na polisi njia hiyo kwa dharura. Tulimwomba asifanye hivyo. Mgonjwa alikuwa tayari yuko hospitalini. Hakukuwa na haja ya gari la polisi katika hadithi yake.

Wodi ipi

Kulikuwa na vuta nikuvute kuhusu kitanda. Mombasa ukitaja Port Reitz watu wanafikiria wodi ya akili, na mama aliposikia neno "akili" alidhani ndiko binti anakopelekwa saa ile. "Mwanangu hana wazimu, daktari, msimharibie jina." Upande wa wodi ya kawaida nao walisema huyu ni wa akili, sisi hatuna wa kumlinda.

Kwa maoni yangu hapakuwa na la kubishania. Moyo unaopiga mara 38, potasiamu ya damu iliyoshuka hadi 2.7, joto lililoshuka: hatari iliyokuwa imuue iko katika damu, na ilihitaji mashine ya moyo, maabara na daktari wa mwili saa zote. Ugonjwa wa akili ndio uliomfikisha pale, lakini wodi ya akili isiyo na vifaa hivyo ingemlinda asitoroke huku ikimwacha afe. Tulimlaza wodi ya kawaida, muuguzi mmoja kando yake, na timu ya afya ya akili ikaenda kwake. Nawasihi wenzangu wa hospitali nyingine walifikirie hili mapema, kabla mgonjwa hajafika. Mabishano ya "huyu ni wenu" yanapoanza saa tatu usiku, anayelipia ni mgonjwa.

Mikono minne

Sasa nifike pale ninapotaka watu wapasome kwa makini.

Fomu zilikamilika, mama akatia sahihi ombi, sababu zikaandikwa. Binti alielezwa kwamba hataruhusiwa kuondoka. Alipewa vitamini B1 kwanza, kisha dripu ya sukari, na mpangilio huo ni sahihi, kwa sababu sukari ikitangulia kwa mtu aliyekaa na njaa inaweza kumdhuru ubongo. Baada ya saa moja aliing'oa sindano. Waliitwa watu wa kumshika: wauguzi wawili, na askari wawili wa getini, wanaume. Katika purukushani mtandio ulimtoka, nywele zikabaki wazi mbele ya wanaume asiowajua, na mkono wa mmoja ukambana bega mpaka alama ikabaki siku kadhaa. Alikuwa haombi tena kwenda nyumbani. Alikuwa akirudia neno moja tu: "Mtandio. Mtandio." Hakuna aliyeuokota mpaka sindano ilipokaa sawa.

Dripu ile ilihitajika. Namna ile haikuhitajika. Wanawake wa kumshika walikuwepo wodi ya jirani. Mama yake alikuwa nje ya mlango. Angeelezwa kwamba sindano ikitolewa itarudishwa, na angeachiwa achague itiwe mkono upi. Mtu unayemnyima uamuzi mmoja mkubwa anastahili kuachiwa maamuzi yote madogo yanayowezekana, na hili halihitaji bajeti.

Siku ya tatu likaja kosa la pili, la aina nyingine kabisa. Muuguzi wa mchana, kwa nia njema, alimwambia: ukila mwenyewe, hutatiwa mpira wa puani wa kupitishia chakula. Jamaa wakaleta pilau na kuku wa kupaka kutoka nyumbani. Binti, kwa hofu ya mpira, alikula sahani nzima, na wodi nzima ikashangilia. Halati akapiga vigelegele. Siku iliyofuata miguu ilikuwa imevimba, pumzi fupi, mikono haina nguvu ya kushika kikombe.

Mwili uliozoea njaa huishi kwa kujila wenyewe. Wanga ukiingia ghafla, insulini hupanda, na insulini huisukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Damu hubaki mikono mitupu, na moyo ambao tayari umedhoofika hukosa cha kufanyia kazi. Madaktari walianza kuyaelewa madhara haya ya kulishwa ghafla kwa wafungwa wa Vita vya Pili vya Dunia, ambao waliokoka kambini wakafa baada ya kulishwa. Mwongozo wa Uingereza wa 2006 ulishauri mgonjwa wa hatari aanze na kilokalori zisizozidi 10 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na 5 kwa aliyedhoofika mno, huku damu ikipimwa mara kwa mara. Kwa kilo 33 hizo ni 330 tu kwa juu, pungufu ya sahani moja ya pilau. Miongozo ya baadaye imeonya pia dhidi ya kuchelewa mno kuongeza, kwa sababu mgonjwa anaweza kufa kwa kulishwa kidogo vilevile. Maabara yetu haikuwa ikipima fosfeti. Sampuli ilitumwa maabara ya kulipia mjini, na kaka ndiye aliyekimbia nayo. Jibu likaja 0.4, wakati kawaida huanzia kama 0.8. Alirekebishwa, akapita salama.

Nawaambia wote wanaotetea matibabu ya lazima, nami nikiwa mmoja wao: ukimnyang'anya mtu haki ya kukataa, umejitwika wajibu wa kujua unachokifanya. Aliyekuja kwa hiari yake anaweza kuondoka akiona hamumuwezi. Huyu hakuweza.

Ilibadilika vipi

Mpira wa puani aliwekewa siku ya tano, kwa siku chache, baada ya kuelezwa tangu jana yake, mikono ya wanawake, mtandio kichwani, mama amemshika kidole. Hakuukubali. Hakupigana pia. Mwisho wa wiki ya pili alikuwa akinywa uji wa mtama na maziwa kwa vipimo, na siku moja akamuuliza daktari swali ambalo hakuwa ameuliza kabla: "Moyo wangu wapiga mara ngapi leo?"

Mabadiliko hayo hayakunishangaza. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2007, miongoni mwa wagonjwa wa namna hii walioingia wodini wakisema hawahitaji kulazwa, kama wawili katika kila watano walikuwa wamebadili mawazo ndani ya wiki mbili. Ubongo ukipata chakula, mtu hurudi. Na Uingereza, wanawake 29 wa kati ya miaka 15 na 26 walipohojiwa kuhusu kutibiwa kwa lazima, wengi walikubali kwamba nguvu itumike pale maisha yanapokuwa hatarini. Kilichowaumiza au kuwaponya zaidi kilikuwa uhusiano wao na watu walioitumia. Binti aliniambia karibu neno hilohilo bila kujua utafiti wowote. Kulazwa alikusamehe. Mtandio hajausamehe, na sidhani ana sababu ya kuusamehe.

Je, nguvu itumike daima, kila anaporudi chini? Hapana. Mwaka 2012 mahakama za Uingereza zilitoa hukumu mbili zinazofaa kusomwa pamoja. Katika moja, Jaji Peter Jackson aliamuru mwanamke wa miaka 32 alishwe japo alikataa, kwa kuwa bado palikuwa na matumaini ya kupona. Katika nyingine, ya mwanamke wa miaka 29 aliyeugua muda mrefu na kujaribiwa kila njia, jaji alikataa kulazimisha, kwa sababu nguvu yenyewe ingeweza kumuua bila kumponya. Binti wetu alikuwa chini ya miaka miwili katika maradhi, hajawahi kutibiwa hata mara moja kwa jina lake sahihi. Kumwachia usiku ule kwa kisingizio cha uhuru kungekuwa kumhukumu kabla hajasikilizwa.

Alitoka wodini na kilo 39. Sasa ana 44. Siku nyingine hamri moja humchukua nusu saa, na mama hukaa naye mpaka liishe, bila maneno ya chakula, wakizungumza mambo ya mtaani. Mama ndiye anayepakua. Jiko amepokonywa kwa muda. Ramadhani ijayo hatafunga, na ustadh amekwisha kumwambia kwamba atalipa akipona. Baba alipiga simu kutoka Ghuba akitaka kujua nani aliruhusu mwanawe afungiwe hospitali, na mama akamjibu kwa sauti ambayo nyumba nzima haikuwahi kuisikia: "Mimi."

Kabla ya kutoka tulikaa naye kuandika makubaliano, yeye akisema na mimi nikiandika. Akishuka chini ya kilo 39, au moyo ukipiga chini ya mara 45, mama ampeleke hospitali siku hiyohiyo, hata yeye akikataa. Washikao wawe wanawake. Kichwa kisiachwe wazi. Mpira uwe wa mwisho, na aambiwe siku moja kabla. Ami asiingie chumbani. Halati aliomba jina lake liwe kwenye orodha ya watakaoitwa. Binti alifikiri sana, akakubali kwa sharti kwamba atakaa, hatashika. Nakala moja iko kwenye faili, moja kwa mama, moja kwake.

Upande wa hospitali kazi haijaisha. Kipimo cha fosfeti bado kinatumwa nje kwa pesa za jamaa. Askari wa getini bado huitwa kushika wagonjwa wa kike wanawake wakiwapo. Fomu mpya ya wodi, yenye nafasi ya kuandika nani alimshika mgonjwa, kwa dakika ngapi na kwa sababu gani, iko mezani kwa mkuu wa wauguzi ikingoja sahihi.